Je, Wajua? Chupa ya Kupunguza Msuguano na Injini za Arusha

Je, wajua kuwa oili ya injini si mafuta matupu? Ndani ya kopo la lita 4, kati ya asilimia 10 na 25 ni kemikali zilizochanganywa kiwandani: za kusafisha masizi, za kuzuia povu na kutu, za kuzuia vyuma visilane, na kwenye oili nyingi za kisasa za petroli, za kupunguza msuguano. Ile chupa ndogo inayopangwa kwenye kaunta za maduka ya spea mjini Arusha, inayoahidi injini laini na safari ndefu kwa mafuta kidogo, mara nyingi inakuuzia kwa mara ya pili kitu ambacho umeshakilipia.

Mkongwe kati ya kemikali hizo ni ZDDP, mchanganyiko wenye zinki, fosforasi na salfa, unaotumika tangu miaka ya 1940. Mwanzoni ulitiwa ili oili isiharibike mapema. Baadaye ndipo wahandisi wakaona kuwa unalinda pia kamshafti. Ukipata joto na mgandamizo unajenga utando mwembamba juu ya chuma, na utando huo ndio unaosagika badala ya chuma chenyewe.

Kwa nini basi viwanda havijazi ZDDP hadi pomoni? Kwa sababu fosforasi inaua masega, yale ya kusafisha moshi yaliyomo kwenye ekzosi. Oili za kisasa za petroli za viwango vya Marekani na Japani, zile nyepesi, hazitakiwi kuzidi asilimia 0.08 ya fosforasi, wala kushuka chini ya 0.06. Huo ni mwanya mdogo sana, na wataalamu wameupimia kwa majaribio ya injini nzima yanayokwenda kwa siku nyingi. Ukimimina chupa juu yake unauvuruga mchanganyiko huo bila kujua umeuongezea nini.

Je, wajua kuwa injini ikishawaka, kranki haigusi beringi zake? Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akipima beringi za mabehewa ya treni. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atilie oili. Mashine ilipoanza kuzunguka, oili ikapanda kwenye tundu lile na kumwagika nje. Akaliziba kwa kizibo, kizibo kikasukumwa. Akaziba kwa kipande cha mti, nacho kikatoka. Alipofunga geji, mshale ukapita pauni 200 kwa inchi ya mraba. Chuma kilikuwa kinaelea juu ya oili iliyojisukuma yenyewe chini yake, na mwaka 1886 Osborne Reynolds akatoa hesabu inayoeleza jambo hilo, hesabu ambayo wabunifu wa beringi wanaitegemea hadi leo.

Jambo hilo lina uzito kwa mnunuzi. Pale kwenye beringi za kranki, msuguano unatokana na uzito (mnato) wa oili yenyewe, si vyuma kukwaruzana. Kemikali iliyotengenezwa ili ipake chuma haina kazi kubwa pale. Vyuma vinagusana mahali pachache: ringi ya pistoni inapofika juu kabisa au chini kabisa, kamshafti inaposukuma vali, na sekunde za kwanza baada ya kuwasha. Hapo kemikali za kupunguza msuguano, kama zile za molibdeni, zinasaidia kweli. Ndiyo maana kiwanda kimeshazitia.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo ahadi nyingi zinapoanguka. Mwaka 2012 watafiti Kenneth Holmberg na Peter Andersson wa Finland, pamoja na Ali Erdemir wa Marekani, walichapisha hesabu ya mahali nguvu ya mafuta inakokwenda ndani ya gari dogo. Kati ya kila lita 100, lita 33 zinatoka kama joto kwenye ekzosi, 29 zinapotelea kwenye kupooza injini, na 38 tu ndizo zinazogeuka nguvu ya kuzungusha vyuma. Katika hizo 38, 5 zinapambana na upepo na 33 zinaliwa na msuguano: injini inachukua 11 na nusu hivi, matairi kiasi hicho hicho, giaboksi 5, breki 5.

Basi anayekuahidi kupunguza robo ya mafuta kwa chupa moja, yaani robo ya zile 38 pia, anakuambia kuwa atafuta karibu msuguano wote wa injini: wa pistoni, wa beringi, wa vali na wa pampu kwa pamoja. Hakuna kimiminika kinachofanya hivyo. Oili bora yenye uzito unaotakiwa na gari lako huokoa asilimia 1 hadi 2 ukilinganisha na isiyofaa, kwa makadirio ya Wizara ya Nishati ya Marekani, na kwa mtu anayetembea kila siku hiyo si pesa ndogo.

Umeona matairi yanavyolingana na injini kwenye hesabu ile? Wizara hiyo hiyo inakadiria kuwa kila pauni moja ya presha kwa inchi ya mraba inayopungua kwenye matairi yote manne inapandisha matumizi ya mafuta kwa asilimia 0.2. Mji uliowahi kuwa na kiwanda chake cha matairi, General Tyre, usingepaswa kuwa na magari mengi hivi yanayotembea na matairi yaliyolegea. Upepo ni wa bei ndogo kuliko chupa yoyote.

Je, wajua kuwa mabishano haya yamefika mbele ya sheria, na si mara moja? Chombo cha Marekani cha kulinda walaji, FTC, kilimfuata mwenye Slick 50, dawa maarufu ya oili yenye chembe za PTFE, tunayoijua kwa jina la Teflon. Mwaka 1997 kampuni zilizoiuza zilikubali suluhu ya kuwafidia wateja kiasi kisichopungua dola milioni 10. FTC ilisema tangazo lililodai kuwa magari mengi hayana kinga wakati wa kuwashwa, mpaka yatiwe dawa hiyo, lilikuwa la uongo: oili ya kawaida iliyopendekezwa na mtengenezaji inatosha. STP ilikuwa imeshalipa dola 500,000 mwaka 1978, na mwaka 1995 ikalipa tena, dola 888,000. Mwaka 1999 zikafuata Dura Lube, Motor Up na Prolong.

Kesi ya zMax, iliyofunguliwa mwaka 2001 na kumalizika kwa suluhu ya dola milioni 1 mwaka 2003, ndiyo inayonikaa kichwani zaidi. Kwa mujibu wa mashtaka ya FTC, kipimo ambacho wauzaji wenyewe walikitangaza kilionyesha kuwa oili iliyotiwa dawa ilikula beringi zaidi ya mara mbili ya oili isiyotiwa kitu. Matokeo hayo hayakuonekana kwenye tangazo.

Na Teflon je, si ndiyo inayofanya kikaango kiteleze? Ndiyo, lakini kwenye kikaango inabanikwa kiwandani juu ya chuma kilichoandaliwa, kwa joto linalozidi nyuzi 327 za Selsiasi, ambalo ni joto la kuyeyuka kwake. Oili ndani ya injini yako haifiki huko, na ikifika, injini imeshakufa. DuPont, kampuni iliyoigundua PTFE mwaka 1938, iliwahi kutamka hadharani kuwa haioni faida ya kuitia kwenye oili za injini.

Pengine umeiona mashine ile ya maonyesho: mota ndogo inazungusha ringi ya chuma, muuzaji anakandamiza beringi juu yake kwa mkono wa wenzo. Kwa oili tupu mashine inapiga kelele, inanguruma, kisha inasimama. Anadondosha matone ya dawa yake, anakandamiza kwa uzito wote wa mwili, na ringi inazunguka kimya. Kisha anaitoa beringi na kuwapitishia watu waliosimama waone kovu dogo lililobaki. Onyesho lenyewe ni la kweli. Ila asili ya mashine hiyo ni kipimo cha Timken, kinachotumika kwa grisi na oili za gia, mahali ambapo meno ya chuma yanakandamizana moja kwa moja. Kemikali zenye klorini hushinda kwenye kipimo hicho kwa urahisi kabisa. Ndani ya injini klorini hiyo hiyo inaweza kugeuka asidi, ikashambulia beringi. Aina mojawapo ya kemikali hizo, parafini fupi zenye klorini, iliwekwa mwaka 2017 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya sumu zinazotakiwa kuondolewa duniani.

Wajua kwa nini gari lililokuwa na nguvu Dar es Salaam linaonekana kuchoka likifika Arusha? Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kidogo zaidi, inachoma mafuta kidogo zaidi, inatoa nguvu kidogo zaidi. Ukiendelea kupanda kuelekea Oldonyo Sambu inazidi kupungua. Hakuna kilichochakaa. Wenye magari wengi huanza kutafuta dawa ya injini hapo hapo, kwa ugonjwa ambao ni mwinuko tu.

Ugonjwa halisi wa injini za ukanda huu ni vumbi, na hapa naomba msomaji tuende taratibu.

Ardhi inayozunguka Mlima Meru ni ya volkano. Mlima wenyewe, wenye urefu wa mita 4,562, ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na Oldoinyo Lengai ulirusha majivu hewani mwaka 2007 na 2008. Hata tambarare za nyasi fupi za Serengeti zimekaa juu ya majivu ya volkano za nyanda za Ngorongoro. Lami inaishia kwenye lango la Lodoare. Kutoka hapo kwenda Naabi, Land Cruiser za watalii zinafuatana ndani ya wingu moja la vumbi, kila moja ikivuta hewa iliyotimuliwa na iliyotangulia. Punje za vumbi la namna hiyo zina madini magumu na vioo vya volkano. Utando wa oili kati ya ringi na silinda huweza kuwa mwembamba kiasi cha maikroni 1, na punje zenye ukubwa wa maikroni 5 hadi 20 ndizo zinazoumiza zaidi: zinapita kwenye matundu ya chujio hafifu, lakini ni nene kuliko utando, kwa hiyo zinasugua pande zote mbili kama msasa. Hakuna kemikali ya kupunguza msuguano inayoyeyusha mchanga.

Kipimo cha kujua kama vumbi linaingia hakihitaji mashine. Zima gari, legeza kibana cha hozi inayotoka kwenye boksi la chujio la hewa kwenda kwenye injini, yaani upande wa baada ya chujio. Ingiza kidole, kizungushe ndani ya hozi, kitoe ukitazame juani. Kikitoka safi, uko salama. Kikitoka na unga wa rangi ya udongo, hewa inapita pembeni ya chujio: raba ya kuzibia imekauka, au hozi imepasuka chini pasipoonekana, au chujio si saizi yake. Chujio lenyewe nalo huuawa na kompresa. Likipulizwa kutoka nje, vumbi linasukumizwa katikati ya karatasi. Linatakiwa lipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa presha ndogo, pua ya kompresa ikiwa mbali, kisha liangaliwe kwa taa iliyowekwa ndani yake. Nukta moja ya mwanga ikipenya, ni la kutupa.

Kabla hujauliza bei ya chupa, uliza bei ya chujio la hewa.

Je, wajua kuwa oili nzito si lazima iwe oili imara? Toyota IST, Vitz na Passo zilizojaa mitaani kuanzia Sakina hadi Njiro zilitengenezwa kwa oili nyepesi za aina ya 5W-30, 5W-20, nyingine hata 0W-20. Njia za oili ndani yake ni nyembamba, na mfumo wa kubadilisha muda wa vali unasukumwa na oili hiyo hiyo. Ukiitia oili nzito ya namba moja tu, 40, kwa sababu ndiyo aliyotumia mzee kwenye gari lake la zamani, pampu inafanya kazi ngumu, oili inachelewa kufika juu, na mafuta yanaliwa. Halafu inanunuliwa chupa ya kupunguza msuguano, ilhali msuguano wenyewe umeletwa na kopo.

Hofu kwamba oili itaganda kwa baridi ya Arusha nayo haina msingi. Hata oili ya 20W hupimwa kwa mashine inayoiga kuwashwa kwa injini kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Asubuhi ya Julai hapa iko mbali sana na huko.

Je, wajua kuwa kuna mahali ambapo msuguano ni rafiki? Waendesha bodaboda, hili ni lenu. Kwenye pikipiki nyingi, Boxer na TVS zikiwemo, klachi inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Sahani zake zinashikana kwa msuguano, na oili ya gari yenye kemikali za kupunguza msuguano inazifanya ziteleze. Dalili zake dereva anazijua: unapanda Ngaramtoni na abiria wawili, unavuta moto, injini inapiga kelele lakini pikipiki haiendi. Fundi anabadilisha sahani za klachi, na baada ya muda zinaungua tena. Japani ililiona tatizo hili, na mwaka 1998 ikaweka kiwango chake cha oili za pikipiki, JASO T903. Tafuta herufi MA au MA2 kwenye kopo. MB ni ya pikipiki zenye klachi kavu au skuta. Kopo la gari lenye maneno "Resource Conserving" ndani ya duara la API usilitie kwenye pikipiki, na chupa ya dawa ndiyo usiisogeze kabisa.

Giaboksi za CVT ziko hivyo hivyo. Honda Fit, Nissan X-Trail na Toyota Ractis nyingi zinatumia mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili za chuma. Mkanda huo hauna meno. Msuguano ndio unaobeba gari. Oili yake ni maalumu, na kutia dawa ya kuteleza humo ni kununua giaboksi nyingine.

Harakaharaka:

Oili ikiwa nyeusi kwenye dizeli si kwamba imekufa. Imebeba masizi ambayo vinginevyo yangeganda kwenye pistoni, na hiyo ndiyo kazi yake.

Dizeli ya Afrika Mashariki ilishushwa hadi salfa ya sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015. Usafishaji unaoondoa salfa huondoa pia ulaini unaolinda pampu, kwa hiyo viwanda hurudisha ulaini huo kwa kemikali kabla mafuta hayajapakiwa.

Mafuta ya nyonyo, yale yale ya mmea unaoota pembezoni mwa barabara zetu, yalilainisha injini za ndege za Vita Kuu ya Kwanza. Kampuni ya Castrol ilipata jina lake kutokana nayo.

Grisi nyeusi ndani ya CV joint ina molibdeni disalfaidi. Pale inafaa sana, kwa sababu chuma kinasukumana na chuma bila utando mnene wa kutenganisha. Kampuni ya Kijerumani Liqui Moly ilianza na kemikali hiyo hiyo mwaka 1957.

Kombi za zamani na Peugeot 504 zina kamshafti inayosugua moja kwa moja, na hazina masega. Hizo kweli zinahitaji zinki zaidi ya ile iliyomo kwenye oili nyepesi za leo. Oili ya dizeli yenye uzito unaofaa kwa kawaida inayo.

Kopo tupu lenye nembo halisi lina soko kwa wenye kujaza bandia. Ukimaliza sevisi, toboa kopo lako kabla ya kuondoka gereji. Ukiuziwa bandia, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye dhamana ya kushughulikia bidhaa hizo, na TBS ndiyo ya viwango.

Oili chafu isimwagwe mtaroni. Mitaro ya mji huu inaishia mito ya Themi na Naura, na wakazi wa chini ya mito hiyo wanamwagilia mboga kwa maji hayo.

Mwisho, kwa anayenunua gari mkononi mwa mtu. Dawa nyingine hazina kemikali yoyote ya ajabu ndani yake; ni vinenezo. Injini yenye ringi zilizochoka ikitiwa kinenezo, moshi unapungua, kelele inashuka, na gari linapendeza kwa muda wa kutosha kuuzwa. Vuta dipstiki injini ikiwa ya moto, chukua tone kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha vitenganishe. Oili ya moto ya kawaida inakatika mara moja. Ikivutika uzi mrefu, uliza imetiwa nini. Kisha omba kipimo cha kompresheni. Fundi anafungua plagi, anafunga geji kwenye tundu lake, anazungusha injini, anasoma. Silinda ikisoma chini, amimine ndani yake kijiko cha oili na apime tena: presha ikipanda, ringi ndizo zilizoisha, maana oili imeziba mwanya kwa muda; isipopanda, tatizo liko kwenye vali au gasketi ya silinda hedi. Ziandike namba za silinda zote kwenye karatasi moja. Moja ikiachana mbali na wenzake, bei ya gari izungumzwe upya.